Tairi Linalopungua Upepo: Kujaza Si Kutengeneza

Katika daftari la matumizi ya msikiti wetu, ambalo mimi, nikiwa katibu wa kamati, ndiye ninayelitunza, limo neno moja lililoandikwa mara 22 ndani ya miezi mitano. Neno hilo ni "upepo". Kila mara shilingi 1,000. Kila mara tairi lile lile, la nyuma kushoto, la Hiace tunayoitumia kubebea jeneza na kuwapeleka wafiwa makaburini. Na mbele ya kila mstari pana saini yangu.

Juma la kwanza dereva aliniambia, "Katibu, tairi la nyuma linapungua kidogo kidogo." Nikamjibu, "Lijaze." Juma la pili sikumjibu tena, nilitoa fedha tu. Baada ya hapo ikawa desturi: kila Ijumaa asubuhi gari linapita kwa fundi wa pancha, linajazwa upepo, na risiti inaletwa ofisini. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeiba, hesabu ilikuwa sawa hadi senti ya mwisho. Hakuna pia aliyeuliza upepo ule ulikuwa unakwenda wapi.

Jumamosi moja tuliondoka Dar es Salaam na mwili wa bibi mmoja wa jamaa ya msikiti wetu, kwenda kumzika kwao Bagamoyo. Tulimswalia baada ya adhuhuri, na kaburi lilikwisha kuchimbwa. Ilitakiwa azikwe baada ya alasiri. Tairi lilikuwa limejazwa jana yake, kama kawaida. Tulipopita Bunju na kukaribia Mapinga, sehemu ya nyuma ya gari ilianza kuyumba. Ukasikika mshindo, kisha sauti ya mpira unaopigapiga lami. Tulikuwa watu kumi na mmoja pamoja na jeneza. Dereva wetu ni mtu mzima na mzoefu. Hakukanyaga breki kwa ghafla. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe, akaliingiza pembeni. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Tukaitoa spea. Nayo haikuwa na upepo. Tangu gari liliponunuliwa hakuna aliyewahi kuigusa. Ikabidi kijana mmoja apande bodaboda na tairi mapajani, akatafute fundi. Magari mawili madogo tuliyofuatana nayo yasingeweza kulibeba jeneza, kwa hiyo tulingoja hapo karibu saa mbili, wanawake wakiwa chini ya mwembe na sisi tukiwa tumesimama juani kando ya gari. Mdogo wake marehemu, mzee aliyekuwa msimamizi wa msiba, alinisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Katibu, mwanangu, tairi hili mlilijua?"

Nikamjibu, "Ndiyo, baba. Tulilijua."

Hakuongeza neno. Tulimzika bibi yetu jua likiwa linazama.

Nimeona niyaandike haya katika kurasa za familia kwa sababu gari la namna ile halipo msikitini peke yake. Lipo katika nyumba nyingi: gari la baba ambalo kila asubuhi hupitishwa kwa fundi "kuongezwa kidogo", gari la mama linalopeleka watoto shule na madrasa huku tairi moja likiwa limekaa kama limechoka. Pancha ya ghafla humlazimisha mtu kuishughulikia. Pancha ya polepole humpa nafasi ya kuizoea, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Upepo ndio unaobeba gari

Watu wengi hudhani kwamba mpira ndio unaobeba gari. Kwa hakika unaobeba ni upepo uliobanwa ndani yake. Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop alilifungia baiskeli la mwanawe la magurudumu matatu mipira iliyojazwa hewa, ili mtoto asitikiswe na barabara mbaya. Tangu hapo msingi wa kazi haujabadilika: mpira ni mfuko, na mbebaji ni hewa.

Upepo unapopungua, mzigo haupungui. Unahamia kwenye ubavu wa tairi, ambao haukutengenezwa kubeba peke yake. Gurudumu la gari la kawaida huzunguka karibu mara 500 kwa kila kilomita moja, na katika kila mzunguko ubavu ule hukunjwa na kunyooshwa. Safari ya kilomita 60 ni mikunjo karibu 30,000. Kila mkunjo hutoa joto, na tairi lenye upepo haba hukunjwa zaidi, kwa hiyo hupata joto zaidi. Joto hilo hudhoofisha nyuzi na tabaka za ndani hadi zinaachana. Huo ndio mshindo tuliousikia Mapinga.

Fundi alipolifungua tairi letu siku iliyofuata alitumwagia kiganjani unga mweusi uliokuwa ndani yake. Ulikuwa mpira uliosagika kwa kujikunja na kujisugua kwa miezi mitano. Kisha akatuonyesha chanzo cha yote: msumari mdogo, kichwa chake kimelika hadi kulingana na uso wa tairi, umekaa katikati kabisa, mahali ambapo pancha huzibika kwa urahisi. Katika tairi lisilo na tyubu, msumari wa namna hiyo huliziba kwa kiasi tundu lililotobolewa na wenyewe, ndiyo maana upepo hutoka polepole. Kuliziba siku ya kwanza kungegharimu shilingi 10,000. Tulikwisha kulipa 22,000 za upepo, na sasa tukalazimika kununua tairi jipya kwa zaidi ya laki mbili.

Kwanza pima, kisha andika

Jicho si kipimo. Matairi ya siku hizi yana ubavu laini ambao hubonyea kidogo hata yakiwa na upepo kamili, na tairi lililopoteza robo ya upepo wake laweza kuonekana zima. Kulipiga teke hakuelezi kitu. Nunua geji, ni kifaa kidogo kinachoingia mfukoni, na bei yake haizidi nauli za siku chache.

Kiwango sahihi cha upepo hakikuandikwa ubavuni mwa tairi. Namba iliyo ubavuni ni upeo wa juu ambao tairi linaweza kuhimili. Kiwango cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, nacho huonekana ukifungua mlango. Kwenye magari yaliyotoka Japani, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, maelezo huwa kwa Kijapani, lakini namba zinasomeka, nazo ni za kipimo cha kPa. Namba 220 ni karibu psi 32, na 240 ni karibu psi 35. Magari mengi madogo yamo kati ya psi 30 na 35. Mabasi madogo na magari ya mizigo huhitaji zaidi, hasa nyuma. Fundi akikuuliza, "Nikuwekee ngapi?", usimjibu, "Weka tu ya kutosha." Mtajie namba.

Pima asubuhi kabla gari halijaondoka, au baada ya kuegeshwa kwa saa tatu hivi. Tairi lililotoka safarini limepata joto, na joto hupandisha kipimo. Ukiupunguza upepo wakati huo, kesho yake tairi litakuwa na upungufu. Hali ya hewa nayo ina sehemu yake: joto likishuka kwa nyuzi 5 au 6, kipimo hushuka kwa takriban psi 1. Aliyejaza mchana wa Dar es Salaam akaamkia baridi ya Lushoto asishangae kuona matairi yote manne yamepungua kidogo.

Hapo ndipo penye siri ya kulitambua tairi lenye tatizo: linganisha. Tairi zima nalo hupoteza upepo, yapata psi 1 au 2 kwa mwezi, kwa sababu hewa hupenya kwenye mpira wenyewe. Matairi yote yakishuka pamoja kwa kiasi hicho, jaza na uendelee na shughuli zako. Moja likishuka peke yake kwa psi 2 au 3 kwa juma huku mengine yakibaki, hilo limetoboka au linavuja mahali, nalo lipelekwe kwa fundi juma hilo hilo. Likishuka kwa psi 5 au zaidi kwa usiku mmoja, funga spea, na usisafiri nalo.

Andika vipimo hivyo, walau kwenye karatasi moja ndani ya gari: tarehe, tairi, namba. Kama daftari letu lingekuwa na namba badala ya neno "upepo", ningeona mwenendo wake kufikia juma la tatu.

Povu la sabuni

Baada ya mkasa huo nilirudi nyumbani nikiwa na geji mfukoni. Nililipima gari la nyumbani, nikakuta tairi la mbele kulia lina psi 26 na mengine yote yana 31. Mke wangu akaniambia amekuwa akisikia usukani unavuta upande mmoja kwa majuma kadhaa, na mara mbili alitaka kunieleza akanikuta nina kikao. Nililipokea hilo kimya.

Tulilitafuta tundu pamoja na watoto. Njia ni nyepesi: maji kwenye chupa na sabuni ya unga au ya kuoshea vyombo, yakorogwe hadi yatoe povu. Jaza tairi upepo kamili kwanza, kisha mwagia au paka kwa brashi, sehemu moja baada ya nyingine, na kusubiri. Mahali panapovuja patatoa mapovu madogo yanayokua, hata kama uvujaji ni mdogo sana. Sogeza gari kidogo ili sehemu iliyo chini ije juu, na umalize mzunguko wote.

Anza na valvu. Fungua kifuniko chake na uweke tone la maji ya sabuni mdomoni. Povu likivimba hapo, kasoro ni ya kile kipini kidogo cha ndani, ambacho fundi hukifungua na kukibadilisha kwa dakika chache. Kisha ipinde valvu taratibu huku na huku, na kutazama shina lake: mpira wa valvu huzeeka na kupasuka, na nyufa zake hufunguka inapopindwa. Ndiyo maana valvu ya mpira inafaa kubadilishwa kila linaponunuliwa tairi jipya. Na kifuniko kilichopotea kitafutiwe kingine, kwa kuwa ndicho kinachozuia vumbi na mchanga kuingia ndani.

Pili, uso wa tairi unaokanyaga barabara. Tafuta msumari, skrubu, kipande cha waya au chupa. Ukiona msumari, usiung'oe hapo nyumbani. Tundu linalovuja polepole litafunguka lote, nawe utabaki na tairi bapa mlangoni. Weka alama ya chaki na umpelekee fundi.

Tatu, mzunguko wa rimu, mahali ambapo mpira umekutana na chuma, pande zote mbili. Kutu, uchafu na ulikaji wa rimu za alumini huacha nafasi ndogo ambazo upepo hupenya. Rimu iliyogonga shimo au ukingo wa barabara yaweza kuwa imepinda au imepata ufa. Hapo tairi halina kosa, na ukiliziba mara kumi, litavuja mara kumi.

Kwa gari letu ilikuwa valvu. Binti yangu wa miaka saba ndiye aliyeliona povu kabla yangu.

Kwa fundi

Mafundi wetu wa pancha ni watu wa kazi ngumu, na wengi wao ni wajuzi. Lakini fundi hufanya kile alichoombwa. Ukimwambia "ongeza upepo", ataongeza upepo. Mwambie, "Tairi hili hupoteza psi 3 kwa juma, nitafutie linapovuja." Hiyo ni kazi nyingine, na ina bei nyingine.

Kuna kuziba kwa nje, ambapo fundi huchoma kamba nyeusi yenye gundi ndani ya tundu bila kuvua tairi kwenye rimu. Ni haraka na humfikisha mtu aendako, lakini haimwonyeshi fundi hali ya ndani. Kilicho bora ni tairi livuliwe, likaguliwe ndani, kisha liwekwe kiraka kwa ndani pamoja na kizibo kinachojaza tundu lenyewe. Kwa tairi ambalo limeendeshwa likiwa na upepo haba, ukaguzi huo wa ndani haukwepeki. Ukiona unga mweusi wa mpira, au ubavu uliokwaruzika na kulegea, tairi hilo limekwisha hata kama tundu lenyewe ni dogo kama la sindano.

Tundu linalozibika ni lile lililo kwenye uso unaokanyaga barabara, lisilozidi upana wa milimita 6. Lililo ubavuni au begani mwa tairi halizibwi, kwa kuwa hapo mpira hukunjwa kila mzunguko na kiraka hakidumu. Fundi atakayekuambia "nitakuwekea tyubu" katika tairi la namna hiyo anakupa nafuu ya siku chache. Ubavu umebaki na jeraha lake, na tyubu husugana na tairi hadi ipasuke ghafla. Nazo dawa za maji zinazomiminwa ndani ya tairi ili kuziba tundu ni za kukufikisha kwa fundi tu. Ukizitumia, mweleze, apate kulisafisha tairi kabla ya kuliziba.

Kama kosa ni la rimu, mwombe aisugue kwa brashi ya waya hadi chuma kiwe kisafi, na asilivue tairi kwa kuligonga ovyo, maana ukingo wa tairi ukichanika huanza kuvuja upya. Kabla hujaondoka, apake maji ya sabuni mahali alipoziba, uone kwa macho yako. Kesho yake asubuhi, pima.

Spea, na siku ya safari

Spea ni tairi la tano, nayo hupungua upepo hata ikiwa imelala buti. Ipime kila unapopima mengine. Kama gari lako lina ile spea nyembamba, kwa kawaida huhitaji psi 60, na haifai kuendeshwa kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Ni ya kukufikisha kwa fundi. Hakikisha pia jeki inafanya kazi, spana inaingia kwenye nati zako, na pembetatu za tahadhari zipo. Jaribu kulivua gurudumu moja siku ya mapumziko, wakiwapo wote nyumbani wanaoendesha gari hilo, ili anayejua asiwe mmoja tu.

Tazama vilevile umri wa matairi. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne: mbili za juma na mbili za mwaka. Namba 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa kale hupata nyufa hata kama haujalika.

Na tairi likikushinda njiani, fanya kama alivyofanya dereva wetu: usukani kwa mikono miwili, mguu uondolewe taratibu kwenye mafuta, breki isikanyagwe kwa ghafla, gari lielekezwe kushoto hadi litoke barabarani. Abiria washuke kwa upande usiopitwa na magari, na watoto wasogezwe mbali. Tafuta ardhi ngumu na tambarare, vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili, na legeza nati kabla ya kuinua jeki. Usiingize mwili chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Ukirudisha nati, zikaze kwa kupishanisha, si kwa kuzunguka, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hivi.

Katika kikao kilichofuata niliisomea kamati mistari yote 22, mmoja baada ya mwingine, pamoja na saini zangu. Hakuna aliyelaumiwa kwa sauti. Gari la wote lilikuwa limekosa mwenyewe. Tulikubaliana kwamba dereva atapima matairi yote matano kila Alhamisi na kuandika namba, nami nitazisoma kabla ya kutia saini, na tairi lolote litakalopungua peke yake mara mbili mfululizo litakwenda kwa fundi bila kusubiri kikao.

Mwezi uliopita tulipita tena Bagamoyo kwa msiba mwingine, nikamzuru yule mzee kwake. Alitoka nje kutupokea, lakini hakuja kwangu moja kwa moja. Aliliendea gari, akainama kulitazama tairi la nyuma kushoto, kisha akauliza, "Na ile nyingine mnaiweka wapi?" Nikamfungulia nyuma. Aliibonyeza spea kwa kidole gumba, akaisoma karatasi ya vipimo iliyobandikwa juu yake hadi mstari wa mwisho, ndipo akanipa mkono. "Karibuni ndani," akasema, "chakula kiko tayari."